Piga kura, kisha uende wapi?

Siku mbili kabla ya uchaguzi mkuu wa Oktoba 25, 2015, majaji watatu wa Mahakama Kuu jijini Dar es Salaam walitoa jibu la swali lililokuwa limetawala vijiwe, daladala na saluni kwa wiki kadhaa. Mtu akishapiga kura, anaruhusiwa kukaa mita 200 kutoka kituoni akisubiri matokeo? Walisoma kifungu cha 104 cha Sheria ya Taifa ya Uchaguzi wakasema hapana. Mikusanyiko siku ya kupiga kura imekatazwa, iwe ndani ya mita hizo au nje yake. Ukishachovya kidole kwenye wino, nenda nyumbani.

Kisheria mambo yakaishia hapo, lakini mtaani hayakuisha. Miaka kumi imepita na chaguzi nyingine mbili zimepita, na bado waliotaka kukaa wanatajwa kama wakorofi waliozuiwa kwa wakati. Sidhani kama tuliwasikiliza.

Waliosema "nenda nyumbani" walikuwa wengi na wazito: Mwenyekiti wa Tume ya Taifa ya Uchaguzi, Jaji Damian Lubuva, Rais Kikwete na jeshi la polisi. Waliosema "kaa ulinde kura" walikuwa Ukawa, muungano wa vyama vinne vya upinzani uliomsimamisha Edward Lowassa kugombea urais. Kati yao kulikuwa na kauli ya Nape Nnauye, wakati ule katibu wa itikadi na uenezi wa CCM, kwamba chama chake kitashinda hata kwa goli la mkono. Wenzake wakasema ni utani wa kampeni. Ila mwananchi aliyehifadhi kadi yake ya mpiga kura, "kichinjio" kama ilivyobatizwa mtaani, chini ya godoro kwa miezi mitatu hakuwa na hamu ya utani huo.

Hoja ya kwenda nyumbani si ya kubezwa. Kituo chetu cha kupigia kura kwa kawaida ni darasa la shule ya msingi, ofisi ya mtendaji, au turubai lililofungwa uwanjani. Mama anayefika saa nane mchana akitokea shambani, mtoto mgongoni, itabidi apite katikati ya vijana mia mbili waliokwisha kupiga kura, ambao wanamjua kuwa ni mke wa balozi wa chama kile kingine. Hata wasimguse, macho yao yanatosha kumrudisha. Tusisahau pia kwamba vyama vyetu vilikuwa na vikosi: Green Guard wa CCM, Red Brigade wa Chadema, Blue Guard wa CUF. "Wananchi" wanaobaki kulinda kura saa mbili usiku, gizani, wengi wao wangekuwa vijana wa vikosi hivyo. Na Zanzibar inakumbuka Januari 2001, pale maandamano ya kupinga matokeo ya uchaguzi wa mwaka 2000 yalipoishia kwa risasi na vifo vya watu zaidi ya 20. Askari wetu na umati wenye hasira ni vitu visivyofaa kukutanishwa.

Kisha kuna hoja ya mawakala. Sheria imeshaweka walinzi wa kura, kila chama kina wakala wake ndani ya chumba, ameapishwa, anaona kila karatasi. Anayesimama nje mita 200 haoni chochote isipokuwa mlango. Kama hoja ya mantiki, hii ndiyo ngumu zaidi kuijibu. Kusimama nje hakulindi kura yoyote.

Hebu lakini tuitazame siku yenyewe kwa macho ya aliyesimama foleni.

Ameamka saa kumi alfajiri. Vituo vinafunguliwa saa moja, na saa kumi na mbili foleni tayari imezunguka darasa. Anatafuta jina lake kwenye orodha iliyobandikwa ukutani, anateremsha kidole safu kwa safu, na moyo unamdunda mpaka anaposoma herufi tatu za mwanzo. Ndani wanamkagua kwenye daftari, wanampa karatasi, anaingia kwenye kituturi, anaweka alama, anakunja, anatumbukiza. Kidole kidogo cha kushoto kinapakwa wino. Kazi yote ni dakika tano. Saa kumi jioni askari anasimama nyuma ya mtu wa mwisho kwenye foleni, na aliyekuja baada yake harudi tena mpaka baada ya miaka mitano. Milango inafungwa, masanduku yanafunguliwa, msimamizi wa kituo anafunua karatasi moja moja mbele ya mawakala. Fomu zinajazwa, mawakala wanasaini, nakala moja inabandikwa nje.

Hiyo nakala ya mlangoni ndiyo iliyowaweka watu pale. Mwaka 2015 walipiga kura watu 15,589,639 katika vituo zaidi ya 60,000. Ukigawanya, kila kituo kinapata wastani wa watu wasiofika 260. Nimeirudia hesabu hiyo mara nyingi kwa sababu inabadilisha picha nzima. Tunaposema "uchaguzi wa rais" tunaona mamilioni, kompyuta na ukumbi wa Dar es Salaam. Kumbe uchaguzi wa rais, pale unapofanyika kweli, ni watu 260 wanaofahamiana. Ni idadi ya watu waliokuja kwenye msiba wa mzee fulani. Kijana wa bodaboda pale kijijini anaweza kukuambia kwa kubahatisha kidogo tu nani kapigia nani. Matokeo ya ngazi hiyo hayahitaji mtaalamu. Yanahitaji mtu wa kuyasoma mlangoni kabla ya mvua au mkono wa mtu kuyabandua, na pengine kuyapiga picha.

Baada ya mlango huo, mpiga kura haoni tena kitu. Fomu zinakwenda kwenye kata, zinakwenda jimboni, zinakwenda taifa. Siku kadhaa baadaye anasikia jumla kubwa kutoka redioni. Kama inamshangaza, hana pa kuipeleka: ibara ya 41(7) ya Katiba inasema kwamba Tume ikishamtangaza rais, hakuna mahakama itakayochunguza. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake hapa hapa Arusha, iliamua Julai 2020 kwamba ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika. Ibara bado ipo.

Sasa mweke mtu huyo mbele ya agizo la "nenda nyumbani". Ushindi wa mbunge unaweza kupingwa Mahakama Kuu, wa rais hauwezi. Mlango wa mahakama umefungwa na ukumbi wa kujumlishia haufikiki. Kitu pekee ambacho jicho lake linaweza kukifikia katika safari yote ya kura yake ni kile kipande cha karatasi kwenye mlango wa darasa, na ndipo anapoambiwa aondoke. Alichokuwa anadai pale mita 200 kilikuwa kidogo sana. Sheria ingemruhusu kudai zaidi asingehitaji kusimama.

Wanaosema mawakala wanatosha wanasahau kwamba wakala naye ni binadamu wa kijijini. Anaweza kununuliwa, kutishwa, kucheleweshewa barua ya utambulisho, au kuambiwa jina lake halimo kwenye orodha ya walioapishwa. Malalamiko ya mawakala kuzuiwa kuingia vituoni yalijaa uchaguzi wa 2020 kutoka kila upande wa upinzani. Hata wanaojumlisha kwa utaratibu mzuri nao hawakuachwa: siku chache baada ya uchaguzi wa 2015 polisi waliingia kwenye kituo cha waangalizi wa ndani wa TACCEO, mtandao unaoratibiwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, wakawakamata watu zaidi ya 30 na kuchukua kompyuta. Hao walikuwa wameketi ndani ya nyumba, mbali na kituo chochote. Kwa hiyo kusema tatizo lilikuwa mikusanyiko tu kunanipa shida.

Kuna takwimu nyingine inayonisumbua. Mwaka 2010 waliojitokeza walikuwa kama asilimia 43 ya walioandikishwa. Mwaka 2015, mwaka wa mita 200, walifika 67. Mwaka 2020 wakashuka hadi takriban nusu. Najua sehemu ya ongezeko la 2015 ni daftari jipya lililosafishwa kwa BVR, yaani uandikishaji wa kielektroniki kwa alama za vidole; majina ya marehemu yakaondoka na asilimia ikapanda yenyewe. Hata ukiondoa hilo, waliopiga kura 2010 walikuwa milioni nane na ushee, na miaka mitano baadaye milioni kumi na tano na nusu. Wale waliotaka kubaki kituoni walikuwa ndio watu walioliamini zaidi sanduku la kura. Mtu asiyeamini hakai kulinda. Analala.

Jirani zetu wametoa funzo la pande zote mbili. Kenya mwaka 2007 vurugu hazikuzaliwa mlangoni mwa kituo; zilizaliwa pale kura zilipokuwa zinajumlishwa Nairobi bila mtu wa kawaida kuweza kuona zilivyojumlishwa, na mwenyekiti wa tume, Samuel Kivuitu, akaja kusema baadaye kwamba hajui kama Mwai Kibaki alishinda. Zaidi ya watu 1,100 walikufa. Agosti 2022 tume ya Kenya iliweka fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya urais, za vituo zaidi ya 46,000 kwenye tovuti ya wazi. Mtu wa Kisumu aliweza kufungua fomu ya kituo cha Eldoret akiwa kitandani, na magazeti yakawa yanajumlisha yenyewe. Makamishna wanne walijitenga na matokeo, mgombea aliyeshindwa akaenda Mahakama ya Juu, akashindwa huko pia, nchi ikaendelea. Hakuna aliyelazimika kukesha nje ya shule. Ila nisiifanye Kenya pepo: mwaka huo huo waliojitokeza walishuka hadi karibu asilimia 65 kutoka zaidi ya 75 mwaka 2017. Fomu za wazi zinajenga imani kwenye hesabu, hazijengi imani kwa wagombea.

Ghana na Nigeria wamekwenda mbali zaidi. Huko kura zinahesabiwa mbele ya umati, karatasi moja moja ikiinuliwa juu na watu wakihesabu kwa sauti. Mpiga kura anayebaki ni sehemu ya utaratibu. Wapenda hoja yangu hupenda kuishia hapo, lakini Nigeria mwaka 2011 watu zaidi ya 800 waliuawa kaskazini baada ya matokeo ya rais kutangazwa, pamoja na kura zote kuhesabiwa hadharani. Umati unaweza kuona kila kitu na bado ukachoma nyumba.

Kwa hiyo silitetei kundi la vijana wa chama kukesha nje ya kituo. Kwa hali ya polisi wetu na vikosi vya vyama, mahakama huenda iliepusha damu usiku ule, na mama wa saa nane mchana alistahili njia tupu. Kosa lilikuwa kuchukua nusu ya makubaliano. Mwananchi aliambiwa aondoke, hakuambiwa atakachopewa badala ya macho yake. Kama serikali ingesema "nenda nyumbani, na saa nne usiku utaiona fomu ya kituo chako kwenye simu", nadhani mjadala wa mita 200 ungekufa siku hiyo hiyo.

Badala yake tumefika Oktoba 29, 2025. Safari hii hapakuwa na mabishano ya kukaa au kuondoka. Chadema ilikuwa imeenguliwa baada ya kukataa kusaini kanuni za maadili, kiongozi wake alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini, mgombea wa ACT-Wazalendo alikuwa ameondolewa. Siku ya kupiga kura watu walikuwa barabarani, intaneti ikazimwa, Dar es Salaam ikawekewa marufuku ya kutembea kuanzia saa kumi na mbili jioni. Watu waliuawa, na idadi yao bado inabishaniwa. Mshindi akatangazwa kwa karibu asilimia 98. Sisemi kwamba mita 200 za mwaka 2015 ndizo zilizotufikisha hapo. Njia ni ndefu na ina mengi. Lakini kijana aliyekuwa na miaka 18 mwaka ule, aliyetaka kusimama kwa utulivu mbali na mlango akisubiri kusomewa fomu, mwaka 2025 alikuwa na miaka 28. Sijui wangapi kati ya rika lake bado walikuwa na hamu ya foleni.

Kuifuta ibara ya 41(7) kunahitaji Bunge na theluthi mbili ya wabunge wake. Fomu za vituo ni jambo jepesi kuliko hilo. Zinajazwa tayari, zinasainiwa tayari, nakala zinabandikwa tayari, na msimamizi wa kituo ana simu mfukoni. Tume inaweza kutunga kanuni ya kuzipiga picha na kuziweka mtandaoni usiku ule ule, kituo kwa kituo, na kuwaacha watu 260 wa kila mlango waamue kama wanachokiona ndicho walichokipiga.