Ukinunua Cadillac V-16 ya 1930, Usianze na Rangi

Picha za mnadani zinadanganya. Gari linang'aa kama sinia la harusi, kromu inaakisi mawingu, viti vinanukia ngozi mpya, mnunuzi anatoa pesa. Baada ya miezi sita mlango wa nyuma haufungi mpaka uubebe kwa mkono, na kabureta inatoa jasho la petroli. Maoni yangu ni haya: magari ya kifahari ya Marekani ya mwanzoni mwa miaka ya thelathini hayauawi na rangi iliyochakaa. Yanauawa na mbao iliyooza na zinki iliyovimba. Anayeshughulikia rangi kabla ya hivyo viwili anapaka hina kwenye mkono uliovunjika.

Mfano wangu ni Cadillac V-16. Ilionyeshwa New York Januari 1930, miezi michache tu baada ya soko la hisa kuporomoka, bei yake ikiwa zaidi ya dola 5,000 wakati Ford Model A ilipatikana kwa dola 500 hivi. Injini ina silinda 16 katika pembe ya digrii 45, ukubwa wa inchi za ujazo 452, yaani karibu lita 7.4. Kila upande una kabureta yake, tangi lake la kuvuta petroli na ekzosi yake. Ni kama injini mbili za silinda nane zilizooana kwenye krankshafti moja, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Kati ya 1930 na 1940 zilitengenezwa V-16 zipatazo 4,000, na nyingi zilitoka katika miaka miwili ya mwanzo. Kwa upande wa washindani wake, Duesenberg J ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 265, Marmon ikaja na silinda 16 za alumini, Packard na Lincoln zikajibu kwa silinda 12 mwaka 1932. Wapenda mbio wachague Duesenberg. Kwa ukimya, mimi sioni wa kuishinda Cadillac hii.

Bodi ya Fleetwood, kiwanda kilichoitengenezea Cadillac bodi, ya wakati ule ina undugu zaidi na jahazi kuliko na gari la leo. Ndani kuna mataruma ya mbao ya eshi, mti mgumu wa Marekani unaokubali kupinda na unaoshika skrubu sawasawa; juu yake yamepigiliwa mabamba ya chuma. Katikati ya paa hakuna chuma kabisa. Kuna fito, pamba na kitambaa kisichopitisha maji, kwa sababu General Motors, kampuni mama ya Cadillac, haikuleta paa zima la chuma hadi magari ya mwaka 1935. Kitambaa kile kikiachia pembeni, maji yanashuka kimya ndani ya nguzo na kutuama chini, kwenye kizingiti. Mbao inageuka unga huku bamba la nje likiwa zima, na rangi mpya inaficha kila kitu.

Kupima ni rahisi. Fungua mlango robo, shika ncha yake, inua. Mlango ukicheza, angalia kwanza pini za bawaba. Pini zikiwa nzima, basi huenda nguzo imeoza. Nyanyua zulia uchome kizingiti kwa bisibisi nyembamba: mbao nzima inagoma, iliyooza inapokea kama keki.

Katika kutengeneza, kosa kubwa ni haraka ya kuvua. Kabla ya kuitoa bodi kwenye chasisi, funga mabomba ya chuma ndani yake kutoka nguzo hadi nguzo, la sivyo itajikunja kama kikapu na hakuna atakayejua tena umbo lake la kwanza. Toa kipande kimoja, kichore, chonga kipya, kirudishe, ndipo uende kwa kinachofuata. Mbao laini inarandika vizuri lakini skrubu zitalegea kwa mtikisiko wa barabara. Epoksi ya kunyweshwa, gundi ya maji inayoingia ndani ya mbao na kugumu, inafaa pale mbao ilipolainika juu juu. Haifai kwenye kiungo kinachobeba mlango. Na mlango ukikataa kufunga, usikimbilie kuupiga randa. Angalia shimu, vile vipande vyembamba vilivyowekwa kati ya bodi na chasisi. Moja ikipotea chini ya nguzo ya mbele, bodi nzima inainama na nafasi ya juu ya mlango inaharibika. Milango mingi imekatwa bure kwa sababu ya shimu moja.

Sasa zinki. Vishikio, urembo wa dashibodi, bodi za kabureta na sehemu nyingine ndogo zilimiminwa kwa aloi ya zinki. Chembe za risasi na bati zilizobaki ndani ya aloi ya enzi ile zinaruhusu unyevu kuila kati ya punje na punje. Kipande kinavimba, kinapinda, kinaota nyufa, mwishowe kinavunjika mkononi kama biskuti. Kikifika hapo hakina dawa. Kabureta iliyovimba usiipige gundi: tafuta bodi mpya iliyomiminwa kwa metali isiyovimba. Kabureta hizi zinavuta hewa kwenda juu, kwa hiyo petroli inayovuja inadondoka nje, jirani na ekzosi. Moto huanzia hapo.

Kipande chenye vishimo tu, ambacho hakijavimba, kinaokolewa, ila kwa subira. Toa kromu na nikeli ya zamani, chimba kila kishimo hadi metali safi, chovya shaba ya bafu ya alkali (bafu la asidi litaila zinki), jaza kwa lehemu laini, sugua, chovya shaba tena, ndipo nikeli, ndipo kromu. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi, na aloi zake chini kidogo ya hapo, kwa hiyo mwali wa moto wa moja kwa moja haufai. Mafundi wanaoruka hatua ya kuchimba wanakurudishia kitu cha kupendeza ambacho baada ya mwaka kinatoka malengelenge.

Matangi ya kuvuta petroli yana sifa mbaya yasiyostahili. Yanatumia mvuto wa injini kunyonya petroli kutoka nyuma, kisha petroli inashuka yenyewe kwenye kabureta. Injini ikiwaka dakika tano na kuzima, mara nyingi boya lina tundu, au kivalvu cha ndani hakifungi sawasawa, au gasketi ya kifuniko inapitisha hewa. Wengi wanafunga pampu ya umeme na kulisahau tangi. Pampu ya kisasa ikisukuma kupita kiasi inazidi nguvu sindano ya kabureta, na tumerudi kwenye ule moto. Tangi linatengenezeka mezani kwa siku moja.

Injini iliyolala miaka mingi haiamshwi kwa staata. Toa plagi zote 16, mimina ndani ya kila silinda vijiko viwili vya mafuta ya giaboksi ya otomatiki yaliyochanganywa nusu kwa nusu na asetoni, acha wiki nzima ukiongeza. Fungua vifuniko vya valvu na ugonge kila valvu polepole uone kama inarudi. Iliyonata ndani ya mrija unaoiongoza itapinda pushirodi, fimbo inayoisukuma, mara tu krankshafti ikizunguka. Shusha sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ukombe tope lote kabla ya kuweka oili mpya. Ukimya wa V-16 unatokana na kifaa kidogo cha oili kwenye kila roka, mkono unaofungua valvu, kinachoziba nafasi inayobaki kati ya roka na valvu, na tope likiziba njia zake injini inapiga kelele kama cherehani bovu. Watu wanadhani imekufa kumbe ni chafu.

Disitributa, kifaa kinachogawa cheche kwa plagi, ni moja lakini kontakti zinazokata umeme ili cheche itokee ni jozi mbili, kila jozi ikihudumia silinda nane. Lazima zipishane digrii 22.5 za shafti ya disitributa, sawa na digrii 45 za krankshafti. Zikikosea, upande mmoja unawahi na mwingine unachelewa, gari linatetemeka, na lawama zinaangukia kabureta. Umeme ni wa volti 6, kwa hiyo kazi ileile inataka ampea mara mbili kuliko kwenye volti 12. Waya wa betri uwe mnene, milimita za mraba 60 hivi. Ukiweka waya mwembamba wa gari dogo la kisasa, staata inazunguka kivivu, kisha mtu anabadili gari lote kuwa la volti 12 bila sababu. Breki ni za fimbo: rekebisha kwenye ngoma za magurudumu, usikaze fimbo kuficha lainingi (vipande vinavyosuguana na ngoma) iliyokwisha. Na vumbi la lainingi za zamani usilipulize, lina asbesto.

Rangi, basi. Ya kiwandani ilikuwa laka, tabaka jembamba baada ya tabaka, na mng'ao wake ni wa hariri. Rangi ya leo yenye tabaka la juu la uwazi inalifanya gari lionekane limemwagiwa maji na kufuta makali ya mistari ya bodi. Laka ya kwanza ikiwa bado imeshika sehemu kubwa ya gari, isafishe, ipake nta, iache.

Linaloniudhi zaidi ni saluni, magari ya kufunikwa, zilizovuliwa bodi zao nzuri ili chasisi zivishwe bodi za wazi za kuiga, kwa vile za wazi zina bei. Kabla ya kulipa, soma kibao cha Fleetwood kilicho kwenye ukuta wa injini. Namba 4302 ni ya rodista, gari la wazi la watu wawili, na 4375 ni ya gari lililofunikwa la abiria saba. Kibao kikisema 4375 na mbele yako kuna rodista, punguza bei kwa ukali, au ondoka.