Koine: Kigiriki cha mtaani au Kigiriki cha wote?

Ukifuatilia mafundisho ya Biblia mitandaoni utakutana na dai hili kila mara, kwamba Agano Jipya liliandikwa kwa Koine, na Koine ni Kigiriki cha mtaani, cha wavuvi na wauza sokoni, sio kile cha wasomi akina Plato. Wapo wanaojibu kwamba hapana, koine ni "ya pamoja", lugha ya serikali na vitabu, mtaa hauhusiki. Mi naona kila upande una chake ila hawa wa kwanza wamelibana neno mno, na ukilibana hivyo unaanza kusoma maandiko vibaya.

Neno kamili ni koine dialektos. Koinos ni kitu cha shirika, na kwenye Matendo 2:44, pale waamini wanapokuwa na vitu vyote shirika, neno ni hilohilo. Ila sura ya 10 Petro anakataa kula kitu kichafu, na hapo pia ni koinos, yaani kitu cha hivihivi kisichotengwa. Kwahiyo watu wa "mtaani" hawajaokota maana hewani. Tatizo ni kwamba wanasarufi wa kale walipoitaja koine pamoja na lahaja za Attiki, Ioni, Dori na Eoli hawakuwa wanazungumzia tabaka la watu, walimaanisha ile ambayo Wagiriki wote wanaelewana kwayo.

Na historia inawaunga mkono. Wafalme wa Makedonia walikuwa wameshachukua Kiattiki, lahaja ya Athene, kwa kazi za utawala, halafu Aleksanda akakipeleka mpaka Misri na Asia, na baada ya kufa kwake mwaka 323 KK askari, makarani na wafanyabiashara kutoka kila kona ya Ugiriki wakajikuta wanaishi mji mmoja, basi vile vitu vya Athene peke yake vikapukutika, bahari ambayo Waathene waliita thalatta ikabaki thalassa kama walivyosema wengine wengi. Ni kama Kiunguja kilivyogeuka msingi wa Kiswahili sanifu, tofauti ni kwamba sisi tulikuwa na mkutano wa Mombasa 1928 na wao hakuna kikao kilichoamua.

Sasa upande wa mtaani tuutendee haki, maana ushahidi wake ni mzito. Karne ya 19 kulikuwa na wasomi walioamini Kigiriki cha Agano Jipya ni lugha ya pekee ya Roho Mtakatifu. Kisha Mjerumani Adolf Deissmann, kuanzia 1895, akakilinganisha na mafunjo ya Misri, yaani maandishi ya kale kwenye karatasi za matete, na Waingereza Grenfell na Hunt nao wakaanza kuchimba majalala ya Oxyrhynchus, mji wa kale wa Misri, zikatoka barua za familia, mikataba, risiti za kodi. Angalia Mathayo 6:2, Yesu anasema wanafiki "wamekwisha kupata thawabu yao". Kitenzi chake ni apecho, na hicho ndicho kilichoandikwa kwenye risiti: nimepokea, deni limeisha. Yaani wameshasaini, hakuna cha kudai tena. Bila zile karatasi za jalalani tungeukosa ukali wa sentensi ile.

Wagiriki wenyewe pia walijua kuna maneno ya chini. Marko anakiita kitanda cha yule aliyepooza krabattos, na karne ya 2 mwalimu mmoja wa lugha, Phrynichus, alilikataza neno hilo, akataka watu waseme skimpous. Karne ya 4 huko Kupro askofu Triphyllios akihubiri akaweka hilo skimpous, na Spyridon, askofu mwenzake, akachukia akamuuliza kama yeye ni mkubwa kuliko yule aliyesema krabattos, yaani Yesu.

Lakini Polybius, aliyeandika historia ndefu ya kupanda kwa Roma, naye ni Koine, na hakuna atakayemwita wa mtaani. Na yule mfanyabiashara wa karne ya 1 aliyeandika Periplus, kitabu cha safari za biashara za Bahari ya Hindi, akataja pwani yetu na bandari ya Rhapta, mashua zake za kushonwa na pembe zake za ndovu, Kigiriki chake ni Koine ya kikazi, ya mtu anayejua bei na pepo, si ya kihuni wala si ya kifahari.

Hata ndani ya Agano Jipya lenyewe, Waebrania inaanza na sentensi ndefu iliyopangwa kwa sikio, maneno matano yanayoanza na p, kazi ya mtu aliyesoma. Ufunuo 1:4 unavunja sarufi waziwazi, "kutoka kwa" inafuatwa na umbo ambalo mwalimu yeyote angelipiga wino mwekundu. Zote ni Koine. Kwahiyo mtu akisema "kwa Koine, lugha ya mtaani, neno hili lina maana fulani", swali la kwanza kumuuliza ni mwandishi gani, maana jina Koine linakupa enzi na upana wa lugha, tabaka la msemaji halikupi. Ukitaka kuzungumzia mtaa sema Kigiriki cha barua na risiti za Misri, hapo tutakuelewa vizuri zaidi.