Dirisha la tmux likiganda, usikimbilie kuua

Mafundi wengi hapa Goma wana papara moja: dirisha la tmux (programu inayoshikilia madirisha ya terminali kwenye seva ya mbali, hata ukikatika) likiganda, wanafunga terminali, wanaingia upya na kupiga `tmux kill-server`. Amri hiyo inaua sesheni zote, na zilizokuwa nzima zinakwenda na maji.

Bonyeza kwanza Ctrl-b kisha c. Dirisha jipya likifunguka, mtandao ni mzima na tmux pia. Ugonjwa uko kwenye dirisha lile moja tu. Rudi humo kwa Ctrl-b kisha l. Ukiona namba kama [0/240] juu kulia, uko katika hali ya kunakili: bonyeza q. Kama hakuna namba, bonyeza Ctrl-q, maana huenda kidole kiligusa Ctrl-s, kitufe cha tangu enzi za terminali za zamani kinachosimamisha maandishi. Waliozoea kuhifadhi barua za Word kwa Ctrl-s ndio hunaswa zaidi. Na usipigepige Enter ukiwa umekwama! Unachoandika hakipotei; kinaweza kutekelezwa chote ukifungua.

Mimi sioni sababu ya kuuacha mtego huo. Weka hii ndani ya `~/.bashrc` kwenye seva yenyewe:

`[[ $- == *i* ]] && stty -ixon`

Ctrl-q isiposaidia, piga `ps -eo pid,stat,wchan,cmd` katika dirisha jipya. Herufi D kwenye safu ya STAT kwa kawaida inamaanisha programu inangoja diski au NFS (diski ya mtandaoni), na mara nyingi hata `kill -9` haitaigusa hadi jibu lirudi. Vinginevyo, `tmux respawn-pane -k -t :2` inaua programu iliyoganda katika dirisha namba 2 peke yake na kulianzisha upya.

Ctrl-b c isipojibu kabisa, shuku mtandao. Umeme unakatika, Wi-Fi inazima, unahamia mega za simu: anwani ya IP imebadilika, lakini ssh, programu inayokuunganisha na seva, bado inangojea ile ya zamani. Bonyeza Enter, kisha `~`, kisha nukta. Kwenye kibodi ya AZERTY ya Kifaransa ya Windows, AltGr+2 haitoi tilde papo hapo; ongeza kitufe cha nafasi, ndipo Shift na `;` kwa ajili ya nukta. Wengi hushindwa hapo wakidhani ujanja huu haufanyi kazi. Ukiingia tena, `tmux attach -d`.

Katika `~/.ssh/config` ya mashine yako weka `ServerAliveInterval 15` na `ServerAliveCountMax 3`. Ssh itajikata yenyewe baada ya sekunde 45 hivi za kimya. Kuna wanaoweka 300. Kwa mtandao wetu huko ni kukodolea macho skrini iliyokufa dakika 15.

Wanaotumia screen, programu ya kazi ileile kama tmux, waongeze `defnonblock 5` katika `~/.screenrc`. Bila hiyo, screen hungojea mteja aliyekatika apokee maandishi, na aliyeingia kutoka mashine nyingine anaganda pamoja naye.