Dar hadi Mombasa, kupitia Nairobi

Shangazi yangu alifariki Mombasa alfajiri, na sisi maiti hatulazi. Mimi nilikuwa Dar es Salaam. Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 300 tu, pwani ile ile. Lakini tiketi niliyoipata siku ile ilinipeleka Nairobi kwanza, nikakaa saa nne, ndipo nikateremshwa tena baharini. Nilipofika Kisauni, watu walishatoka makaburini, wanakunywa kahawa.

Wazee wetu walikuwa na East African Airways, iliyoanzishwa mwaka 1946, shirika moja la Kenya, Uganda na Tanzania. Ndege zake kubwa aina ya Super VC10 zilisajiliwa kwa kugawana alama za nchi: nyingine 5X ya Uganda, nyingine 5Y ya Kenya, nyingine 5H ya kwetu. Ugomvi wa fedha ukaliua mwaka 1977, mwaka ule ule Jumuiya ilipovunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. VC10 zilizobaki zilirudi Uingereza, zikageuzwa matangi ya kujazia mafuta ndege za kijeshi angani. Kila nikikumbuka hilo nacheka, ingawa si kicheko cha furaha.

Baada ya hapo kila nchi ikawa na shirika lake, na kila shirika likawa bendera. Januari 2024 tuliona matokeo yake. Air Tanzania ilitaka ndege yake ya mizigo ichukue mizigo Nairobi na kuipeleka nchi ya tatu. Kenya ikakataa. Tanzania ikajibu kwa kutangaza kuwa Kenya Airways haitabeba tena abiria kati ya Nairobi na Dar. Mambo yalimalizwa haraka, kabla marufuku haijaanza, lakini angalia: ugomvi wa mizigo, wa kuadhibiwa abiria!

Mikataba tunayo. Azimio la Yamoussoukro, la nchi za Afrika kufunguliana anga, ni la 1999, na soko moja la anga la Afrika lilizinduliwa Addis Ababa 2018. Wataalamu wakikaa, hubishana juu ya haki za kutua na kupakia, na wataendelea kubishana, kwa sababu hakuna serikali inayotaka shirika lake limezwe na la jirani. Ninawaelewa. Ndege za Air Tanzania zimenunuliwa kwa kodi yangu pia.

Ila lipo jambo ambalo halihitaji shirika lolote kupoteza njia yake: ada za uwanjani. Mwanza ni mbali zaidi na Dar kuliko Nairobi. Hata hivyo, kwa miaka mingi abiria wa Mwanza amekatwa shilingi 10,000 za huduma ya abiria, na wa Nairobi dola 40, sawasawa na anayekwenda London. Hapo hatujagusa ada nyingine, wala za upande wa pili. Kama kweli sisi ni jumuiya, safari ya Nairobi, Entebbe, Kigali au Bujumbura itozwe kama ya Mwanza. Hazina itapungukiwa, sikatai. Lakini anayelipa nusu bei huenda akasafiri mara mbili, na ndege ndogo ya moja kwa moja Dar–Mombasa inaweza kupata watu wa kuijaza.

Mwezi ujao binti wa marehemu anaolewa. Tumeshakata tiketi za basi, tunapita mpaka wa Horohoro.