Tunatuma hela ya hospitali, ya anayeuguza hatutumi

Mwakeye ndugu zangu, wa Kigoma na nyie wengine mliotawanyika. Nina jambo limenikaa rohoni toka likizo ya 2024 na kila nikitaka kuliandika naona nitawaudhi watu wa kwetu, ila ngoja niliseme maana naona familia nyingi za sisi tuliotoka zina shida hiyohiyo.

Mi ni mtoto wa Ujiji. Niko Ujerumani kaskazini, karibu na Bremen, mwaka wa kumi na moja sasa, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mume wangu anaendesha malori anaondoka Jumapili usiku anarudi Ijumaa, na watoto wawili, mmoja wakati huo alikuwa na miaka tisa mwingine minne. Februari 2024 nikafanyiwa operesheni ya uvimbe kwenye kizazi, hizi fibroidi ambazo wanawake wa kwetu wengi tunazo na tunatembea nazo miaka na miaka tukidhani ni hedhi nzito tu. Za kwangu zilikuwa kubwa kwahiyo hawakutumia ile njia ya vitundu, walipasua tumbo, na daktari akasema wiki sita usinyanyue kitu kinachozidi kilo tano. Kilo tano! Mtoto wangu mdogo peke yake ni kilo kumi na saba, na kazi yangu kutwa nzima ni kuwageuza na kuwanyanyua wazee.

Hospitali ya kule nisiwachoshe nayo. Dawa zipo, usafi upo, nesi anakusimamisha siku ileile utembee hatua mbili tatu damu isigande, na unaporuhusiwa unapewa sindano za kujichoma mwenyewe tumboni. Chakula cha jioni ni mkate na jibini, vya baridi, mi nalala natamani uji wa ulezi wa moto mpaka machozi yananitoka. Wageni wanakuja saa ya kuona wagonjwa halafu wanaondoka, hakuna ndugu anayetandika mkeka karibu na kitanda chako. Lakini mwenzangu mmoja wa kazini, kwao ni Papenburg, mji uleule ilikoundwa meli yetu ya Liemba mwaka 1913 kabla haijafunguliwa vipande na kufungwa kwenye makasha kuletwa kwetu, aliniletea supu ya kuku kwenye chupa ya chai siku ya tatu, amekaa na mimi saa zima ananisimulia habari za kazini. Sitamsahau yule mama. Nasema hivi ili mtu asije akanijibu kwamba wazungu hawana utu.

Ninachotaka mkisikie ni kilichotokea niliporudi nyumbani. Mume yuko barabarani, mimi siwezi hata kuinama kufunga viatu vya mtoto. Bima ya afya ya kule ina kipengele kwamba mzazi akilazwa au akishindwa kuendesha nyumba kwa ajili ya ugonjwa, na nyumbani kuna mtoto wa chini ya miaka 12 na hakuna mtu mwingine wa kushika nafasi, bima inamlipa mtu aje afanye kazi za nyumba. Basi wakaniletea mama mmoja wa makamo, masaa manne kila siku kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki nne. Anampeleka mdogo chekechea, anapika, anafua, anapiga deki, anakwenda dukani. Mi nachangia asilimia kumi tu, na haizidi euro 10 kwa siku. Yule mama ana mkataba, analipwa kwa saa, akimaliza saa zake anavaa koti anakwenda kwake. Na mshahara wangu wiki sita zile mwajiri kaulipa wote kama vile nipo kazini, na siku zangu za likizo hazikuguswa hata moja kwasababu kuumwa sio likizo. Sio kwamba ni bure jamani, kila mwezi karibu sehemu moja ya tano ya mshahara inakatwa kwa ajili ya hizi bima zao zote na inauma. Ila pale nilipoanguka niliona hela yangu ilikuwa inakwenda wapi.

Sasa turudi nyuma kidogo, Novemba 2023. Mama yetu aliteleza uani mvua imenyesha, nyonga ikavunjika, akafanyiwa operesheni akawekewa chuma. Kwenye grupu la familia hela zilitoka kwa siku mbili tu, nilituma mimi, akatuma kaka wa Mwanza, baba mdogo akatoa, tukapongezana sana, Mungu awabariki, Mungu awazidishie. Shangazi mmoja akauliza, atakayemuuguza nani? Kaka akajibu "mdogo wetu yupo". Mimi nikaweka mikono ya kushukuru. Ndo mazungumzo yote hayo kuhusu kuuguza, maneno matatu na vikatuni vya mikono.

Huyo mdogo wetu wa kike ni mfanyabiashara wa dagaa. Wasiojua biashara hiyo wanaona kama ni kukaa tu na ndoo, lakini mdogo wangu maisha yake yanakwenda na mwezi, giza likiwa nene wavuvi wanaingia ziwani na taa zao, mbalamwezi ikiwaka wanapumzika na yeye anapumzika. Siku za giza saa kumi na moja alfajiri yuko Kibirizi mitumbwi ikiingia, anagombania bei, anabeba, anaanika kwenye chanja, anageuza, anakaa anaangalia mawingu maana mvua ikizikuta hazijakauka zinaharibika zote. Halafu anafunga magunia anapeleka kwa watu wake wa Dar. Dagaa hazimsubiri mtu, na mteja wa Dar ukimkosesha mzigo mara mbili ameshapata mwingine.

Aliacha vyote. Wiki za hospitali alikuwa analala barazani na wenzake wanaouguza, asubuhi anatafuta uji, mchana chakula, anafua mashuka, anakimbia duka la dawa. Nyumbani ndo ikawa kazi zaidi, choo chetu kiko uani na mama hawezi kuchuchumaa, kwahiyo ni beseni, ni kumgeuza usiku asipate vidonda mgongoni, kumwogesha, kumshika akijifunza kutembea na magongo. Wiki kumi na moja. Mi hiyo kazi ndo kazi yangu ya kila siku, naijua, kule tunaifanya kwa zamu na tuna vitanda vinavyopanda kwa umeme na bado migongo inatuuma. Yeye alikuwa peke yake na godoro la chini.

Hayo yote sikuyajua. Tulifika mwezi wa sita 2024, wiki tano, kutoka Dar tulipanda ndege maana tumbo lilikuwa bado linaogopa matuta. Na kwa kweli likizo ilikuwa nzuri sana. Watoto wangu walipotea na binamu zao chini ya miembe mpaka jioni, yule mtoto mdogo akajifunza kula ugali wa muhogo kwa mkono na sombe, yaani kisamvu, iliyoungwa mawese, mkubwa kila siku anataka kwenda ziwani. Mimi waliniambia bado ni mgonjwa, sinyanyui hata sufuria. Mama mkubwa alitaka kunikanda tumbo kwa maji ya moto kama mzazi, nikakataa kwasababu ya kovu, tukanuniana siku nzima halafu akaniletea mgebuka wa kuchoma yakaisha. Nilikuwa nimeshaanza kichwani kuandika ile ya siku zote, kwamba Ulaya kuna hela nyumbani kuna watu.

Siku ya tano au ya sita nikaamka usiku bado, nasikia mtu anapuliza mkaa uani. Mdogo wangu. Anachemsha maji ya mama ya kuoga, na sufuria ya pili pembeni, maji yangu. Nikamuuliza mbona siku hizi huendi Kibirizi, akasema ziwa si limefungwa dada. Ni kweli, mwaka huo serikali ilisimamisha uvuvi ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti samaki wapate kuzaliana. Lakini wenzake wa sokoni walinunua mapema wakaweka, na wakati huo dagaa zilikuwa bei juu wanauza wanacheka. Nikamwambia sasa wewe zako ziko wapi. Kanyamaza. Nikauliza tena. Akaingia ndani akanitolea daftari.

Ni daftari la kawaida la mistari, limepinda kona, limeingia mafuta ya mawese kwenye jalada. Kurasa za mwanzo zote ni dagaa, kilo, bei, jina la mteja, kimebaki kiasi gani. Halafu Novemba mwandiko uleule, kalamu ileile ya bluu, vitu vinabadilika: bajaji, pampasi, sabuni, maziwa, bajaji, mkaa, bajaji, dawa ya maumivu, bajaji. Ukurasa baada ya ukurasa. Hakuna mtu aliyemwambia aandike, ni mazoea yake ya biashara tu. Hela yetu ya hospitali ililipa hospitali ikaishia hapohapo, haya mengine yote yalitoka kwenye mtaji wake, milioni moja na laki mbili ukaisha mpaka senti ya mwisho, na kikoba anadaiwa laki tatu. Nikamwambia kwanini hukusema? Akasema "Ni mama yangu dada, ningefanyaje."

Nililia pale kwenye kibao cha jiko, na sikulia kwa huruma tu, nililia kwa aibu. Mi Februari nililetewa mtu wa kunifulia, analipwa kwa saa, na mwezi huohuo mdogo wangu alikuwa anakopa kikoba anunue pampasi za mama, mama yetu sote.

Kwahiyo mtu akiniambia nyumbani kuna watu siku hizi namuuliza, watu gani, nitajie. Ukihesabu vizuri mara nyingi utakuta ni mtu mmoja, ni mwanamke, ni yule ambaye hajaolewa au ameachika au biashara yake tunaiona ndogo. Kaka yetu mwingine anakaa nyumba ya tatu kutoka kwa mama. Alikuwa anapita kila jioni kusalimia, mama umeshindaje, anakaa kidogo anaondoka. Sio mtu mbaya kabisa, ila hakuna aliyewahi kumwambia kwamba na yeye anaweza kumshika mama mkono ampeleke uani.

Najua kuna watakaosema nimeharibika, nataka kulipana kwenye undugu. Mbona kwetu anayemkanda mzazi anaondoka na kanga na sabuni na chochote mfukoni, na hakuna anayesema hampendi mzazi? Harusi tunaunda kamati, kuna mwenyekiti, kuna mweka hazina, mpaka maji ya kunywa yana bajeti. Mgonjwa wa miezi mitatu hana kamati. Na hao Wajerumani tunaosema wametupa wazee wao, mwanamke anayemlea mama yake nyumbani kuna fungu linatoka bima ya uuguzi, mgonjwa wa daraja la pili la kuhitaji msaada mwaka huo 2024 ilikuwa euro 332 kila mwezi, na haziwatajirishi, lakini kuna mahali pameandikwa kwamba anachofanya ni kazi. Sisi hatuna bima hiyo na haiji kesho. Ila hela ya hospitali tunapochanga, kuongeza mstari mmoja wa anayeuguza kunatushinda nini?

Kabla ya kuondoka niliomba kikao. Mama, kaka wa karibu, baba mdogo, kaka wa Mwanza kwenye simu tumeiweka spika juu ya meza. Nikasoma daftari, ukurasa kwa ukurasa, sikuruka bajaji hata moja. Mdogo wangu alitaka kutoka nje nikamshika gauni. Mama ndo alianza kuongea, akasema yeye alidhani hela tulikuwa tunatuma. Tukakubaliana milioni moja na nusu irudi, mtaji na deni la kikoba, watoto wengine watatu tugawane laki tano tano. Kaka wa karibu hana laki tano na alisema wazi, atatoa laki mbili, na badala ya iliyobaki Jumatatu na Jumanne mama ni wake, kuoga mpaka kulala. Mama alikataa kuogeshwa na mwanaume, basi mke wake anaogesha na yeye anafanya mengine, na nilimwona kwa macho yangu anamnyanyua mama kwenye kiti, vibaya, mgongo umepinda, nikamfundisha kama ninavyowafundisha wanafunzi wetu kazini, goti moja mbele, mshike kiunoni, hesabu tatu nyanyukeni pamoja. Laki tatu alizopungukiwa nikaziweka mimi.

Kaka wa Mwanza alisema nimeleta uzungu. Halafu akasema sawa.

Ziwa lilifunguliwa katikati ya Agosti tukiwa tumesharudi. Wiki moja baadaye mdogo wangu akanitumia picha ya chanja imejaa, zinang'aa jua la asubuhi, na sauti fupi nyuma yake unasikia injini za mitumbwi, analalamika bei imepanda wavuvi wamekuwa na njaa ya hela. Kaka wa Mwanza laki tano yake mpaka leo ninapoandika ametuma mbili. Kila Ijumaa namkumbusha, na safari hii nimempigia na mke wake.