Jeki za Kudumu Chini ya Gari: Kwanza Kufuli, Kisha Pampu

Jumamosi moja ya msimu wa kaskazi, nyuma ya nyumba yetu hapa Muyeye, nililinyanyua gari letu aina ya Probox kwa jeki ya kukunja iliyokuja nalo, nikaweka ubao wa mwembe chini yake kwa kuwa ua wetu, kama nyua nyingi za Malindi, ni mchanga mtupu. Gurudumu la mbele upande wa kushoto lilikuwa limekwisha kutolewa, na shemeji yangu alikuwa ndiyo kwanza ameinuka baada ya kutazama pedi za breki, ubao ulipopasuka katikati, jeki ikalala ubavu, na gari likashuka kwa kishindo hadi diski ya breki ikazama mchangani. Hakuna aliyeumia. Alama ya diski ile, kama mwezi mchanga, ilibaki pale mpaka jioni, na watoto walikuwa wakiiruka katika mchezo wao bila kujua ni ya nini.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifikiria kwa makini wazo la kufunga jeki za kudumu chini ya gari, nne au angalau mbili, ili mwenye gari anapotaka kumwaga oili, kukagua bushi au kubadilisha gurudumu asianze kupiga magoti na kutafuta mahali pa kutegea jeki, bali apige pampu au abonyeze swichi tu. Ninaliunga mkono wazo hili kwa moyo wote, ila lina sharti moja ambalo naona wengi wanaolisifu hawalitaji.

Sababu ya kuliunga mkono ni chumvi. Gari la Malindi huliwa kutoka chini, kimyakimya, na upepo wa bahari ambao haumwachi mtu hata akikaa mbali na ufuo. Kutu huanza kwenye mabomba ya breki na kwenye maungio ya bodi, mahali ambapo jicho la mtu aliyesimama halifiki. Dawa yake inajulikana na kila fundi: kuosha chini kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, kukagua, na kupaka grisi au rangi ya kuzuia kutu kabla kutu haijashika. Lakini ni wangapi kati yetu wanaofanya hivyo? Sisemi ni uvivu. Kwangu mimi hupita nusu saa nzima ya kutoa mizigo, kusawazisha mchanga na kuzungusha mpini kabla spana haijagusa nati ya kwanza, na hiyo ni kwa kona moja tu ya gari. Dada yangu, ambaye ndiye huliendesha gari hili kila siku kuvuka mto Sabaki kwenda kufundisha, ana maumivu ya mgongo na hawezi kabisa kuuzungusha mpini ule. Gari analolitegemea ni lake kwa kuliendesha, lakini kulikagua ni lazima angoje mwanamume wa nyumbani apate nafasi.

Wazo lenyewe si geni. Miaka ya 1930 huko Uingereza baadhi ya magari ya bei ya juu yaliuzwa yakiwa na mfumo wa jeki za mafuta ulioitwa Jackall, ambao dereva aliupampu kwa mkono na gari likasimama juu ya miguu yake yenyewe. Mwaka 1955 Wafaransa walitoa Citroën DS, gari ambalo springi zake zilikuwa za mafuta na gesi: ulilipandisha kimo cha mwisho, ukaweka kigingi ubavuni, kisha ukaliamuru lishuke, nalo likayakunja magurudumu ya upande ule juu ya ardhi. Magari ya mbio za saa 24 za Le Mans nayo hubeba pistoni za upepo tumboni, na fundi akichomeka mpira wa hewa, gari huruka juu mara moja. Hata hivyo mafundi wale wanapohitaji kuingia chini ya gari karakanani, huzivalisha pistoni hizo vizuizi vya chuma ili zisirudi ndani. Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Nilipeleka wazo langu kwa fundi mmoja wa kuchomelea vyuma pale Maweni, mtu mzima aliyezitengeneza gari za mji huu tangu mimi nikiwa shuleni. Baada ya shikamoo na marahaba alinisikiliza hadi mwisho, akafuta mikono, akauliza: "Na mafuta yakivuja, mwanangu, hilo gari litaegemea nini?" Sikuwa na jibu.

Jeki ya mafuta hushikilia uzito kwa mpira mdogo uliozunguka pistoni. Mpira huo hukauka. Na hapa kwetu fimbo ya pistoni, ikining'inia chini ya gari mwaka mzima katika vumbi na hewa ya chumvi, itapata vidonda vya kutu ambavyo vitaukwaruza mpira kila inapopanda na kushuka. Siku itakayoshindwa haitatoa taarifa. Kwa hiyo sharti langu ni kwamba kila mguu uwe na kufuli ya chuma: ama pini nene inayopita kwenye matundu ya mguu wenyewe, ama mguu wa skrubu yenye meno yasiyorudi nyuma kwa uzito. Na juu ya hayo, anayeingia chini ya gari aweke stendi, yaani miguu ya chuma ya kulishikilia gari. Aweke stendi, si mawe ya matumbawe. Ninajua mawe hayo ndiyo yanayopatikana kila uani, na ndiyo yaliyojenga nyumba zetu, lakini jiwe la tumbawe lililobeba ncha ya chuma mahali pamoja hupasuka ghafla, na kuona watu wakilala chini ya gari lililopangwa juu ya mawe mawili kunanitia hofu ya kweli.

Wapo wanaopendekeza upepo, kwa kuwa kila kibanda cha panchari kina kompresa. Nimepiga hesabu. Pistoni yenye kipenyo cha sentimita 7, ikipewa hewa ya bari 8, husukuma kilo 314 hivi. Nne zitasukuma kilo 1,256, na Probox isiyo na mzigo ina kama kilo 1,100, kwa hiyo mtu angedhani inatosha. Lakini injini iko mbele, na zaidi ya nusu ya uzito iko huko. Pistoni mbili za mbele, kwa kilo zake 628, huenda zikashindwa wakati zile za nyuma zimekwisha kupanda, na gari likabaki limeinamia pua.

Kisha kuna mchanga. Mguu wenye kisahani cha sentimita 15 kwa 15, ukibeba kilo 400, hukandamiza karibu kilo 1.8 kwa kila sentimita ya mraba, na katika mchanga mlegevu utazama. Ukikifanya kisahani cha sentimita 30 kwa 30, mkandamizo hushuka hadi robo yake, lakini sasa una bamba kubwa linaloning'inia chini ya gari, na matuta ya barabara zetu yatalikwangua kila siku.

La mwisho ni mahali pa kufungia. Probox haina chesisi ya peke yake; bodi ndiyo chesisi, na mguu uliochomelewa kwenye bati la sakafu utalichana bati hilo, hasa likiwa limekwisha kuliwa na kutu. Pikapu ya kaka yangu ina chesisi ya kweli, mihimili miwili ya chuma kutoka mbele hadi nyuma. Kwa hiyo nimeamua hivi: jeki za kudumu tutazifunga kwenye pikapu, za skrubu, mbili nyuma kwanza, na bima itaarifiwa kabla kazi haijaanza. Kwa Probox nitamwaga zege uani, mita 3 kwa 5, unene wa sentimita 10, na kununua jeki ya magurudumu ambayo dada anaweza kuipampu akiwa amesimama, pamoja na stendi nne. Kokoto imekwisha kuletwa. Fundi amenitaka nimpelekee kipimo cha kutoka kwenye chesisi ya pikapu hadi ardhini, mara moja ikiwa tupu na mara moja ikiwa na mzigo, ili ajue miguu ya skrubu aifanye ya urefu gani.