Ukisimulia Brora, usiruke nyumba zilizochomwa

Wiki hii nimekutana tena na ile stori ya kiwanda cha wiski cha Brora, na kama kawaida imesimuliwa vilevile: kilijengwa 1819 na Marquess wa Stafford (Marquess ni cheo cha ukabaila), kikafungwa 1983, kikafunguliwa 2021, watu wanapongezana. Chini yake kila mtu anaandika "historia tupu". Inaniuma kweli, kwa sababu historia yenyewe ndo hiyo wameiruka.

Hebu turudi 1819, Sutherland, kaskazini kabisa mwa Uskoti. Mwenye ardhi alikuwa mke wa huyo Marquess, Countess wa Sutherland, na miaka hiyo walikuwa wanawatoa wakulima kwenye mabonde walikozikwa babu zao ili waweke kondoo, maana kondoo walikuwa wanalipa kuliko kodi ya mkulima mdogo. Wengine wakasukumwa pwani, wakapewa vipande vya ardhi visivyoweza kulisha familia, wakaambiwa wajifunze uvuvi, watu ambao bahari hawaijui kabisa, na wengine wakapanda meli kwenda Kanada wasirudi tena. Nyumba zilichomwa ili mtu asipate pa kurudi. Fundi mwashi mmoja wa bonde la Strathnaver, Donald Macleod, aliandika kwamba mwaka huohuo wa 1819 alipanda mlimani kama saa tano usiku akahesabu nyumba 250 zinawaka moto. Miaka mitano kabla, 1814, mahali panaitwa Badinloskin, nyumba ya William Chisholm ilichomwa mama mkwe wake akiwa ndani, bibi mzee yuko kitandani, wakamtoa mablanketi yameshashika moto, na siku tano baadaye akafariki. Patrick Sellar, wakala wa wenye ardhi aliyesimamia kazi hiyo, alishtakiwa Inverness 1816 akaachiwa huru.

Sasa kuna watu wananiambia hayo ni mambo ya ardhi, wiski inahusikaje? Inahusika moja kwa moja jamani! James Loch, aliyekuwa anasimamia mali zote za familia ile, alieleza mwenyewe sababu ya kujenga: wapangaji wa pwani wapate pa kuuzia shayiri yao kihalali, isiishie kwa wapikaji wa magendo. Kwa hiyo unamtoa mtu kwake, unampangisha kipande pwani, kodi anakulipa wewe, shayiri anakuuzia wewe, na ile pombe aliyokuwa anajipikia mwenyewe inakuwa kosa la jinai. Sisi tunaotoka kwenye nchi ambazo mama wa watu anakamatwa kwa madumu mawili ya gongo hatuhitaji kuelezwa sana hapo. Hata makaa ya mawe ya kuchemshia yalitoka mgodini palepale Brora. Kiwanda kilikuwa sehemu ya mpango mmoja na wale kondoo.

Nakubali, kazi waliyofanya kukirudisha ni nzuri, siwezi kudanganya. Diageo, kampuni ya pombe inayokimiliki, walitangaza 2017 kwamba wanaweka pauni milioni 35 kwa Brora na Port Ellen, kiwanda kingine cha wiski kilichokuwa kimefungwa. Yale matangi mawili ya shaba ya zamani ya kuchemshia pombe, yaliyokaa kimya tangu 1983, yalipakiwa kwenye lori yakasafirishwa maili 200 hadi Alloa, mafundi wakayakarabati kwa mkono, kisha yakarudishwa palepale yalipokuwa. Jengo la matangi likabomolewa na kujengwa upya kwa mawe yaleyale. Na aliyekabidhiwa kazi, Stewart Bowman, ni mtoto wa Brora, baba yake ndiye alikuwa ofisa wa ushuru wa mwisho pale kiwandani. Hiyo ilinigusa.

Lakini ndo maana sikubali kisingizio chochote. Watu wanajua kila kitu! Watakwambia kwamba jina la mwanzo lilikuwa Clynelish, kwamba 1967 kikajengwa kiwanda kipya jirani kikachukua jina hilo na cha zamani kikaja kuitwa Brora, watakwambia miaka gani kilitumia shayiri iliyokaushwa kwa moshi mzito wa peat, ule udongo mweusi wa kwenye vinamasi unaochomwa kama kuni, watakwambia ladha ya nta inatokana na nini, wanabishana usiku kucha. Halafu kwenye mwaka 1819 wanaandika jina la bwana mkubwa tu, bila hata sentensi moja juu ya watu waliolima ile shayiri na kwa nini walikuwa pwani badala ya kwao.

Na wale wa "miaka 200 imepita, tuache": bei ya hiyo pombe ni nini kama sio miaka? Wakati wa ufunguzi seti ya chupa tatu za Brora iliuzwa pauni 30,000. Hakuna anayelipa hela hiyo kwa sababu ya kiu, analipia ukale, analipia mahali. Kama zamani ina thamani kiasi hicho basi ina thamani yote, pamoja na yule bibi wa Badinloskin.

Yule Marquess alikuja kupandishwa cheo kuwa Duke 1833, na sanamu yake bado iko juu ya mlima Ben Bhraggie, unaiona kutoka mbali ukipita Golspie, kabla hujafika Brora. Wenyeji wengine wamekuwa wakitaka iangushwe, mimi naona iachwe ila ielezwe vizuri. Ukiendelea na barabara hiyohiyo ukapita Brora unafika Helmsdale, kuna sanamu nyingine, ya 2007, ya familia iliyohamishwa. Mnaopanga safari ya kwenda kuonja, pangeni na Helmsdale, na mkifika kiwandani muulizeni anayewatembeza hao wakulima wa kwanza walitolewa wapi. Mkirudi mkaandika, andikeni na jibu mlilopewa.